Tangi Lililojaa Pomoni

Dada wa pampu ya pembeni alikuwa na sheria isiyopindwa: hamtilii mtu mafuta mpaka aangalie mashine na kuona imesimama kwenye sifuri. "Sifuri hiyo, tazama," husema. Mteja akatazama, na mafuta yakashuka. Harufu ya petroli ilimganda mpaka kwenye nywele, wala hakujali. Kazi yake aliipenda kama mtoto apendavyo mvua.

Wateja wote walitii, isipokuwa seremala. Huyo alikuwa na pikipiki kuukuu na nyusi zilizojaa unga wa mbao, na akiambiwa atazame sifuri, alimtazama yeye.

"Mashine, kaka. Si mimi."

"Naiona."

"Iko upande wa pili."

Alikuja, akaja tena, akitaka kidogo tu, hata madereva wa teksi wakamwita Bwana Tone. Zaidi ya hapo hakusema kitu. Na dada naye, kila pikipiki ilipokohoa barabarani, moyo ulimruka.

Ikafika jioni ya mwisho. Dada amehamishwa, kesho anaanza kazi kituo cha mlimani. Seremala asiposema neno leo, basi, ndiyo imetoka hiyo. Na mafuta alikwisha kutia asubuhi!

Mara huyo, anaisukuma pikipiki, anahema kana kwamba imemwishia mafuta njiani.

"Jaza," akasema.

"Sifuri hiyo, tazama."

Akamtazama yeye. Nyuma teksi zikapiga honi.

"Shemeji!" dereva mmoja akapaza sauti. "Unatia mafuta au unapiga picha?"

Kwa kuchanganyikiwa, dada akaisahau sheria yake, akabonyeza. Tak! Pampu ikajikata. Akabonyeza tena. Tak! Tangi lilikuwa limejaa pomoni. Petroli ikachungulia nje, ikamdondokea seremala kiatuni.

Foleni ikaangua kicheko. Keshia, mama mdogo ambaye dada huishi kwake, akatoka kibandani kashika mbavu. "Mwanangu, hiyo pikipiki haina kiu. Mwenye kiu ni huyo anayeisukuma!"

Seremala akainamia kiatu chake, akakifuta kwa kiganja. Dada akaona akinyamaza na yeye, imekula kwake.

"Kesho sipo hapa. Nimehamishiwa kituo cha mlimani."

Seremala akainua uso, unang'aa kama ubao uliopigwa randa. "Kule kwenye mpando mkali?"

"Huko huko."

"Aisee! Mpando ule unakunywa mafuta! Nitafika tangi nusu! Nitakuwa na shida ya kweli!"

Dada akacheka mpaka akaikumbatia pampu. "Wewe bwana! Shida yako mafuta, au mimi?"

"Wewe," likamponyoka. "Mafuta nawagawia majirani."

Honi zote zikalia kwa pamoja, teksi zikatikisika kwa vigelegele vya abiria.

"Basi kesho asubuhi unipitie nyumbani, unipandishe huo mlima," dada akasema.

"Aje," akadakia mama mdogo, akifuta machozi ya kicheko. "Lakini mwambie kwangu hodi hupigwa kwa mdomo, si kwa macho."