Mama Ganzi Haamini Mgonjwa Aliyenyamaza

Saa mbili na nusu asubuhi, chumba cha upasuaji. Fundi cherehani wa miaka hamsini na mmoja amelala chali, macho darini. Muuguzi wa usingizi anamsafisha ubavuni kwa pamba baridi, upande wa titi litakaloondolewa.

"Nakuchoma hapa kidogo, dada. Ikiuma piga kelele. Humu hatutoi zawadi kwa wavumilivu."

Fundi anacheka kidogo.

Muuguzi huyu, wenzake humwita Mama Ganzi. Akifuata picha ya mashine, huingiza sindano katikati ya misuli ya kifua na kumwaga dawa karibu na mishipa ya fahamu. Mgonjwa huamka, kifua kikibaki kimelala kwa muda wa saa kumi na mbili hivi.

Miaka sita iliyopita huduma hiyo haikuwepo hapa. Dada yake mkubwa alipoondolewa titi, yeye ndiye aliyepita jioni kumkagua.

"Nikamuuliza, 'Dada, unaumwa?' Akasema, 'Hapana, mdogo wangu. Sitaki kuwasumbua.' Nikaandika kwenye faili: maumivu hakuna."

Asubuhi alikuta ncha ya shuka imetafunwa mpaka imetoboka.

"Mama alitulea kwa kuuma meno. Nilijua hilo, nikaandika hivyo hivyo," anasema. "Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Haya, aliyeficha ni mimi, kwa kalamu." Ugonjwa ulirudi, na dada akafariki mwaka uliofuata. Mama Ganzi hakuwahi kumwomba radhi, na hilo linamtesa hadi leo.

Tangu hapo hamuulizi mtu kama anaumwa. Humwambia akohoe, kisha ainue mkono, naye humtazama usoni.

Saa tisa alasiri, wodini, fundi anakohoa. Uso umetulia. Anainua mkono taratibu.

"Kifua kama si changu," anashangaa.

Mama Ganzi atastaafu baada ya miaka miwili. Kabla ya hapo anataka kila muuguzi wa wodi apime hivyo, usiku na mchana. Ameandika barua mbili kwa wakubwa, hazijajibiwa.

Anachukua mkoba wake. "Usiku ganzi itaisha. Ukianza kuumwa, ita."

"Tutaona," fundi anasema. "Sitaki kuwasumbua."

Mama Ganzi anaweka mkoba chini, anavuta kiti, na kuketi kumsubiri muuguzi wa zamu ya usiku.