Walinunua Jina la Mkaidi, Majiko Yakamrudia Mwenyewe

Ni asubuhi, na karakana imeshajaa vumbi la udongo. Mama mrefu mwenye kitambaa kichwani analipindua jiko la mkaa lililoletwa na kijana mmoja, anatia mate kidoleni, anasugua masizi ya chini. Anatazama. Anacheka.

"Mwanangu, hili si langu."

"Si lako vipi, mama? Wewe si ndiye Mkaidi?"

"Mkaidi ni mimi. Jiko ni la watu. Kaa hapo kwenye benchi, zamu yako itafika."

Jina hilo alipewa na mama yake mzazi, tena kwa hasira, alipokataa kuacha kuchezea udongo. Alipokua fundi wa majiko akaligeuza kuwa riziki. Miaka sita iliyopita aliliandikisha serikalini liwe alama yake ya biashara, akachonga mhuri wa mti. Tangu hapo kila jiko lake hupigwa mhuri chini, udongo ukiwa bado mbichi.

Tena ana desturi yake. Jiko likipasuka kabla ya mwaka kwisha, lirudishe, atalitengeneza bure. Haulizi risiti. "Jiko langu likivunjika, aibu ni yangu, si ya mnunuzi," anasema.

Basi mwaka juzi mauzo yakaanza kudorora. Kutoka majiko arobaini kwa wiki yakashuka hadi manane. Ajabu ni kwamba majiko mabovu yaliyoletwa yalizidi kuongezeka. Mkaidi akatengeneza tu, wala hakutazama chini, maana masizi huufunika mhuri na kazi ilikuwa nyingi. Moyoni akajilaumu kwamba mkono wake umechoka. Alifika mahali pa kuwaambia wenzake wawili, mdogo wake na mkwewe, watafute kazi nyingine.

Siku moja jiko la mteja likamponyoka, likaanguka kifudifudi. Masizi yakapukutika. Chini hakuna mhuri.

"Umelitoa wapi hili?"

"Kwako, mama! Niliandika 'jiko la Mkaidi' kwenye simu, likatokea juu kabisa, nikabonyeza, wakaniletea."

Mkwewe akatoa simu yake, akaandika vilevile. Kweli, juu kabisa kulikuwa na tangazo: "Majiko ya Mkaidi, agiza hapa." Lilikuwa la kiwanda kikubwa, na jina la kiwanda chenyewe halikuonekana popote.

Jambo hili lataka kuelezwa polepole. Mtandaoni, neno hununuliwa. Kampuni ikilipia neno, kila anayeliandika ili kutafuta kitu hukutana kwanza na tangazo la kampuni hiyo. Ni kama mgeni anaulizia nyumba yako, jirani anamdaka njiani: "Ndiyo hapa, karibu ndani."

"Nilipiga kelele," Mkaidi anakumbuka. "Watu walidhani ni hasira. Ilikuwa furaha! Kumbe udongo wangu ulikuwa mzima!"

Fundi viatu wa mlango wa pili akamshauri, "Sasa hao wafukuze, dada. Warudi walikonunua."

"Wamekuja kwa jina langu. Nitawafukuzaje?"

Akaendelea kuwatengenezea. Ila sasa kila mmoja alionyeshwa kwanza pale chini pasipo na mhuri, kisha akaombwa namba ya simu. Kisha Mkaidi akaenda kwa wakili.

Meneja wa kiwanda akampigia simu kumbembeleza aache kesi, alipokataliwa akamalizia kwa kejeli: "Mama, ujue mkaidi hafaidi."

Mahakamani, upande wa kiwanda ulidai kununua neno si kosa. Wakili wa Mkaidi akakubali kwamba peke yake si kosa. Kosa, akasema, ni kumfanya mnunuzi aamini jiko ni la mtu mwingine. Hakimu akataka kuwaona hao walioamini.

Walikuwa koridoni, watu kumi na saba, kila mmoja na jiko lake miguuni. Karani aliona majivu sakafuni akafoka, "Jamani, hapa ni mahakamani au jikoni?"

Wakaingia mmoja mmoja, na kila mmoja akasema lilelile: nilidhani ni la Mkaidi, ndiyo maana lilipopasuka nikampelekea Mkaidi.

Mwezi uliopita hukumu ikatoka. Hakimu alisema tangazo lile liliwapotosha wanunuzi na kuvunja haki ya mwenye alama. Kiwanda kiliondoe, kilipe fidia na gharama za kesi.

"Nani kasema mkaidi hafaidi?" fundi viatu alipaza sauti nje, na vigelegele vikajibu.

Leo mauzo yamepita yale ya zamani. Mdogo wake na mkwewe wapo kazini, na kwa fidia hiyo Mkaidi anajenga tanuri la pili nyuma ya karakana. Anataka mwakani awe na mafundi sita.

Zamu ya yule kijana wa benchi imefika. Jiko lake limezibwa, limelainishwa, linapendeza. Analigeuza, anaonyesha chini.

"Mama, si unipigie na mhuri basi?"

"Nimekutengenezea, litapika," Mkaidi anasema, huku akiufuta mhuri kwa kanga yake. "Lakini huu sikupigii. Ukiutaka, siku moja njoo ununue langu."