Ukucha wa Mwinjilisti Zefania

Harufu ya muhogo uliovundikwa huwafanya wageni wangu wazibe pua. Mimi huivuta. Inachacha, inauma puani, na kila nikiipata narudi nyumbani kwetu Masaki, Kisarawe, enzi za Mwingereza, mwaka ule mvua ilipotukataa. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mnisamehe, ndugu zangu, nikiyasema mambo kama yalivyokuwa, na wenyewe nikiwataja kwa majina.

Wa kwanza ni Zefania, mwinjilisti wetu. Mtu mfupi, kanzu safi, ukucha wa kidole cha mwisho ameufuga mrefu kama kijiko. Ukiwa na shauri, unamwita. Anafumba macho, anaomba, anafungua Kitabu popote, anachoma ukucha kwenye mstari, kisha anakwambia Mungu kasema nini. Wa pili ni Eliya, baba yangu mzazi. Baba hakupanda hata bamia bila ukucha ule. Kuku wetu alipopotea, ukucha uliangukia orodha ya fulani aliyemzaa fulani. Zefania akasema tungoje tu, kuku atarudi na vifaranga. Tukangoja. Manyoya tuliyakuta nyuma ya choo, kicheche keshamaliza kazi yake.

Basi njaa ikaingia. Siku ya pili tunakunywa maji ya moto yenye chumvi, jirani yetu Bi Tatu, Mwislamu, akatuletea tenga la muhogo. Hata kuketi hakuketi.

"Mama Rebeka, huu ni mchungu. Menya, vundika siku nne, anika, ndipo utwange. Watoto wakilia, waache walie. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

Mama akaanza kumenya. Danieli, mdogo wangu wa miaka minne, alilia mpaka sauti ikamkauka. Baba akashindwa kustahimili.

"Siku nne ni nyingi. Tumuulize Mungu."

Nikatumwa kwa Zefania. Uani kwake nilikuta mtungi umefunikwa jani la mgomba, na harufu hii hii. Nikaziba pua. Mkewe akanifokea, "Toa mkono puani, wewe! Kwenu hamli?"

Zefania akaja nami nyumbani, akaomba kwa kirefu, matumbo yetu yakimwitikia amina. Ukucha ukaangukia mahali panaposimulia watu waliolishwa jangwani.

"Meza imeandaliwa," akasema. "Pikeni."

Mama akasema taratibu, "Lakini Bi Tatu amesema siku nne."

"Bi Tatu anasali kanisa gani, Mama Rebeka?"

Baba akacheka. Kicheko kile sijakisamehe. Mama akabandika sufuria. Muhogo ulipoiva, Baba akamkaribisha mwinjilisti kwa heshima zote, akamchagulia kipande kinene. Zefania akaupangusa ukucha kwenye kanzu.

"Leo nimefunga," akasema, akaaga.

Tulikula. Uchungu tuliusikia, lakini njaa haichagui, na Danieli alikula kutuzidi. Haukupita muda dunia ikanizunguka, nikatapika hadi nyongo. Danieli hakutapika. Alilala mapajani kwa Mama, akihema kama mtu anayepanda kilima, kisha akaacha. Bi Tatu ndiye aliyefika kwanza, akamfumba macho. Makaburini Zefania alitangaza kwamba Mungu ametwaa. Maskini Mungu, alivyozoea kusingiziwa.

Mpaka leo mimi namwomba Mungu hekima, hata ya kuchagua jembe. Ila nikishaomba, natega sikio mlangoni. Siku ile alikuwa ametujibu kabla hatujamuuliza, tena kwa maneno machache, na wakubwa wangu wakaona aibu kulipokea jibu kwa mwanamke asiye wa kanisa letu.

Hilo nilielewa mapema. Lililochelewa ni la mtungi. Nilikuwa nimekwisha kuolewa, nimeinama navundika muhogo wa nyumba yangu mwenyewe, harufu ikapanda, nikaganda mikono ikiwa majini. Nikamsikia mke wa Zefania akinifokea. Muhogo wa watoto wake ulikuwa umo mtungini mle, ukingoja siku zake nne, na hakuna aliyeufungulia Kitabu.