Mama Kwenye Boti

Juzi, kwenye rundo la mitumba hapa Moshi, nilishika miwani ya kuzamia. Nikainusa. Ilinuka mpira mkavu na chumvi.

Marehemu mama alikuwa mtu wa mlimani. Maji aliyoyajua ni ya mfereji wa kumwagilia migomba. Siku aliyonipeleka kisiwani, mwongoza watalii alinivalisha miwani kama hiyo, akanishika mkono tukaelea juu ya matumbawe, samaki wa manjano wakipita chini ya tumbo langu. Mama alibaki kwenye boti, jaketi la kuokolea likimbana shingo, viatu vyangu mapajani. Kila nilipoinua kichwa aliita, "Upo?"

"Nipo, mama."

"Haya, angalia tena."

Niliivaa ile miwani palepale sokoni. Nikasikia pumzi yangu tu.

"Nipo," nikasema.

Muuzaji akaniuliza naongea na nani.