Jina Mgongoni mwa Saa

Leodegar Komba alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kimoja cha uchapaji, Kariakoo. Miaka ishirini na ushee aliokota herufi za risasi kwa kibanio na kuzipanga kinyume, ili zikigusa karatasi zisomeke sawasawa. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha, na ndiyo iliyommaliza macho. Daktari hakumficha: presha ya macho haina marejeo, kilichokwenda kimekwenda, na kilichobaki kitafuata.

Mwingine angekaa barazani alie. Leodegar akaamua kutengeneza saa.

Tena si saa ya hivi hivi! Zamani za uchumba wao, yeye na Klara walisimama mbele ya dirisha la duka moja mjini. Ndani kulikuwa na saa ya mkono ya Uswisi, ya dhahabu, uso wa buluu, namba zake nyembamba kama nyuzi. Klara aliikodolea macho mpaka mwenye duka akatoka kuwaangalia. "Hii hata nikiiota tu, watanikamata," Klara akasema, wakacheka, wakaenda zao kula mihogo. Klara akasahau. Leodegar hakusahau. Sasa jubilei ya ndoa yao, miaka ishirini na mitano, ilikuwa njiani, naye alitaka siku hiyo mkewe avae saa kama ile, iliyotoka mikononi mwake, kabla macho hayajafunga.

Ilimchukua miaka mitatu, kila akitoka kiwandani, jua lingali juu. Alikuwa akikaa barazani kwa Bakili, fundi saa wa Mtaa wa Swahili, na nyumbani akiaga kwamba anakwenda kucheza bao. Kasha alilichonga kwa tupa kutoka kwenye koki ya bomba iliyokufa, akalisugua kwa ndimu na majivu hadi shaba ikamdanganya hata yeye mwenyewe kuwa ni dhahabu. Mashine waliiunga yeye na Bakili kutoka saa tatu mbovu. Uso aliupaka buluu mara tisa, akiukwangua na kuanza upya.

Mwisho akachonga jina la mkewe mgongoni. Bakili akaigeuza saa, akaangua kicheko.

"Komba! Umeliandika kinyume, unadhani uko kiwandani?"

Lo, mazoea! Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe. Leodegar alitaka kulifuta, lakini mistari ilikuwa inaogelea mbele yake. Hakuwa na macho ya kurudia.

"Liache," akasema. "Atalisoma kwenye kioo."

Akaipeleka nyumbani Ilala, akaificha ndani ya mkebe chini ya kitanda. Zilibaki wiki mbili.

Ndipo ikaja ile vita ya walanguzi, mwaka wa themanini na tatu, serikali ikisaka bidhaa za magendo nyumba kwa nyumba. Jamani, nyie mlioiona mnaikumbuka! Watu walitupa vitenge na redio barabarani kwa hofu ya kukutwa navyo. Vipande vya sabuni vikizidi tu, jasho linakutoka. Wapekuzi walipofika nyumba ya tatu kutoka kwao, Klara akaanza kuipekua nyumba yake mwenyewe kwanza.

Leodegar aliporudi alimkuta ameketi kitandani.

"Baba Severa, unataka kufia jela? Saa ya dhahabu chini ya kitanda changu! Tena ina maandishi ya kigeni!"

Klara alijifunza kusoma ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima. Gazeti alilimudu, ila yale ya mgongoni hayakumwingia kabisa.

"Iko wapi?"

"Nimeitumbukiza chooni, nikamwagia na majivu. Wamekuja, wamepekua, hawakupata kitu." Alisema kwa fahari kidogo, maskini.

Leodegar akaupapasa mkebe chini ya kitanda; ulikuwa mtupu. Moyo ulimkatika. Lakini angemwambia nini mtu aliyemwokoa kwa jinsi alivyojua?

"Umefanya vizuri," akasema. "Ilikuwa ya mtu." Akatoka uani, akasimama karibu na choo mpaka chai aliyotengewa ikapoa.

Siku ya jubilei ikafika, padri akawabariki, pilau ikapakuliwa uani. Bakili akaja na kanzu yake safi.

"Hongera, shemeji! Mbona mkono mtupu? Saa yako iko wapi?"

"Saa gani?"

"Ah, hajakupa? Miaka mitatu mtu anakaa kwangu anasugua koki ya bomba! Na jina lako kalichonga mgongoni, kinyume, mazoea yake ya..." Hapo akamwona Leodegar anatikisa kichwa, akanyamaza. Alikuwa amechelewa.

Klara akaweka sahani chini. Akaenda taratibu, akapiga magoti mbele ya mumewe, wageni wote wanatazama.

"Yale maandishi," akasema, "yalikuwa mimi?"

"Basi, Mama Severa. Yameisha."

Akauchukua mkono wa Leodegar, wenye makovu ya tupa, akaufungia kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, pale saa ingekaa, akaukandamiza asitake kuuachia. Alikuwa analia kwa sauti. Leodegar aliinama amwone uso, siku hiyo moja tu amwone vizuri, akaona weupe wa gauni, na juu yake ukungu.