Rudi Ufundishwe, Hata Kama Uko na Permi

Nakumbuka asubuhi ile tukiteremka mlima kutoka Lubondja, mwanangu, nawe ukiwa mgongoni mwangu, nimekufunga kwa kitenge. Baba yako ndiye alikuwa anaendesha kamio, lori la mizigo, mimi kando yake, nyuma mihogo na bamama wa sokoni wamekaa juu ya mifuko. Permi, ile ruhusa ya kuendesha, alikuwa nayo tangu zamani.

Kufika kwenye mteremko, akafanya kile mashofere wetu walichozoea: akatoa vitesi, yaani gia, akaacha gari iteremke yenyewe, eti anabakisha mazutu, mafuta ya gari. Mwanzo ilikuwa raha, bamama wanaimba. Kisha nikasikia harufu ya kuungua. Akakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini. Akakanyaga tena. Akajaribu kurudisha vitesi, ikakwaruza tu, ikakataa. Nikamtazama usoni. Wee mwanangu! Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Kule juu nyimbo zikageuka mayowe. Nikakuvuta kutoka mgongoni, nikakukumbatia, nikamwita Mungu mpaka sauti ikakauka.

Akaigongesha gari kwenye ukingo wa udongo, upande wa mlima, ndipo tukasimama. Mama mmoja alivunjika mkono. Wewe ulikuwa unalia, na kilio kile kilinirudishia roho.

Mzee Asukulu, aliyemfundisha baba yako kuendesha, alikuja siku hiyohiyo kutoka Lweba. Hata pole hakumpa.

"Mi nilikufundisha kuteremuka na vitesi ndani. Hii ingine, nani alikufundisha?"

"Hakuna muntu, mzee. Nilizoea tu."

"Basi utaikala tena pembeni yangu, sawa mutoto mwenye kuanza."

Na alikaa. Watu wa mji wa Baraka walimcheka, weeh, shofere mzima anafundishwa kukanyaga breki! Alivumilia. Aliendesha mpaka uzeeni, akafia kitandani kwake.

Sasa chama chenu kinawaita mashofere wote wenye permi mkakumbushwe kazi, nawe unaniambia, "Mama, miaka yote hii niko na permi, nirudi masomo nafanya nini?" Na juzi tu, tukitoka Mboko, niliona mkono wako ukitoa vitesi kwenye mteremko. Ulikuwa unaongea, hata hukujua umefanya nini. Niligeuza uso dirishani, maana batoto bako walikuwa nyuma wanacheka, sikutaka waone woga wangu. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Basi nakwambia wazi: kesho nenda. Kaa na mashofere vijana, uliza, kubali kusahihishwa. Permi inaonyesha ulichojua siku ulipopewa. Toka hapo mkono umejizoesha mambo mengine bila wewe kujua. Wakikucheka, waache wacheke. Usipoenda, mimi gari yako sipandi tena, na wajukuu wangu hawapandi. Kasirika ukitaka.

Mungu akupe moyo wa kusikia, mwanangu. Akushikie gari kwenye kila mteremko, na kila jioni akurudishe nyumbani, wewe na wote uliowabeba, mkiwa wazima.