Picha za Vyumba Vitupu

Fundi alinunua kamera akiwa na miaka arobaini na nane, umri ambao majirani zake waliona mtu hununua miwani. Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Miaka ishirini na sita alikuwa ameshona kola na mifuko kwa vipimo vya watu wengine, akatamani kitu kimoja cha kujifurahisha mwenyewe. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka. Yeye akawajibu kwamba elimu haina mwisho, akaendelea kuwapiga picha, nusu yao bila vichwa.

Maana mwanzoni mambo yalikuwa magumu. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa na herufi ndogo kama mbegu za mchicha, na kidole chake mwenyewe kilitokea katika kila picha kama mgeni asiyealikwa. Mama yake, ambaye aliishi naye wawili tu katika nyumba iliyoachwa na marehemu baba, alipigwa picha mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja alitoka amefumba macho.

"Mwanangu, huyu maiti ni nani?" mama aliuliza alipoonyeshwa, wakacheka wote wawili mpaka machozi.

Kaka yake alikuwa haji ila Jumapili. Kwa kawaida aliziangalia picha za Fundi kama mtu anavyoangalia vipimo vya hospitali vya jirani: anaguna, anarudisha. Jumapili moja aliishika kamera kwa mikono miwili, akatazama picha moja baada ya nyingine, polepole.

"Una jicho, mdogo wangu," alisema.

Fundi alizoea kusifiwa mikono. Jicho hakuna aliyewahi kumwambia. Alijifanya kukusanya vikombe ili asionekane uso.

"Tatizo lako unakimbilia watu," kaka akaendelea. "Watu wanapepesa macho. Anza na kinachotulia. Piga nyumba, chumba kwa chumba. Toa vitu, fungua madirisha asubuhi mwanga uingie. Halafu nitumie, nikukosoe."

Fundi akaingia kazini. Jicho la mshonaji halivumilii pindo lililokwenda upande, na picha za kwanza zilionyesha kuta zimelala kama walevi. Akachuchumaa, akapiga magoti, akapanda stuli, mpaka fremu ya mlango ikasimama kama suruali iliyopigwa pasi. Sebuleni kulikuwa na ufa ulioshuka kutoka darini hadi dirishani. Mtu mwingine angeupiga hivyohivyo akaenda zake. Fundi alinunua kitambaa cha rangi ya maziwa, akashona pazia refu lenye marinda, akaufunika. Nyumba ilipendeza kama bibi harusi.

Kaka hakukosa kujibu hata siku moja. Jiko limetoka vizuri, aliandika. Choo rudia, shusha kifuniko. Fundi alikirudia choo mara nne, na mara zote nne kwa furaha. Mama alihamishwa na kiti chake kutoka chumba hadi chumba, mwishowe akawekwa barazani, wala hakunung'unika.

"Piga, mwanangu, piga," alikuwa akisema. "Unapendeza ukiwa hivyo."

Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, Fundi alikuwa akitia vifungo kwenye shati aliposikia hodi. Mlangoni walisimama mwanamke na mumewe, mume ameshika futi ya kupimia.

"Karibuni. Ni sare au gauni?"

"Hapana, dada. Tumekuja kuona nyumba. Mwenyewe ametuambia tutakuta fundi wa kutufungulia."

Mwanamke alimgeuzia simu. Fundi akaona sebule, akaona jiko, akaona mlango ulionyooka. Picha zake. Na kwa pumzi mbili tatu, tusimfichie aibu yake, alichohisi kilikuwa fahari.

"Aliyepiga hizi anajua kazi," mwanamke alisema. "Tumezunguka nyumba kumi, picha zote giza. Hii tumeikimbilia. Mapazia yanabaki?"

Fundi alishusha macho kwenye maandishi chini ya picha. Inauzwa. Iko tupu, unaweza kuhamia wakati wowote. Halafu namba ya simu, na ile namba aliijua kwa moyo.

Alijifungia chumbani akapiga. Kaka hakubabaika hata kidogo.

"Nilikuwa nakuja kukwambia."

"Lini?"

"Tukishapata mteja. Ningekwambia mapema ungelialia, na kazi isingefanyika. Mama atakaa kwangu. Wewe una mikono, utapanga chumba popote. Cherehani haichagui pa kukaa."

"Uliniambia nina jicho, Kaka."

"Unalo. Si watu wamekuja?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Fundi alikuwa amekagua nguo za mtaa mzima, mishono yote, na ya kwake hakuwahi kuipekua. Angemnyima picha ya choo angalau, alijiambia, angemnyima hata kile choo.

Lakini lilibaki tumaini moja, nalo lilikuwa kubwa. Hati ya nyumba ilikuwa na jina la mama. Bila dole gumba la mama, kaka alikuwa anauza hewa. Fundi akatoka mbio hadi barazani, ambako mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Mama, Kaka anauza nyumba. Akikuletea karatasi yoyote, usitie kidole. Unanisikia? Yoyote ile."

Mama aliendelea kuchambua.

"Mama?"

"Nilishatia."

"Lini?"

"Jumapili ileile aliyokusifu. Wewe ulikuwa jikoni na vikombe."

Fundi alikaa chini sakafuni.

"Na siku zote nilizokuhamisha na kiti chako ulikuwa unajua?"

"Kaka yako alisema tusikwambie kwanza. Nami nilikuona ulivyokuwa na furaha. Tangu baba yako aondoke sijakuona hivyo. Nikasema mwache mtoto afurahi kidogo."

Ndani, mgeni alikuwa akipima ukuta na kumtajia mkewe hesabu kwa sauti. Fundi alimtazama mama yake, mwanamke ambaye yeye Fundi alimwogesha, akamlisha na kumpeleka kliniki miaka tisa bila kumhesabia.

"Basi ulipotia kidole, Mama, Kaka alikwambia mimi nitakwenda wapi?"

Mama aliinua macho kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Hayakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi kuliko yote.

"Hilo sikuuliza," alisema.